Sura ya Sita: Makaa ya Ludewa, Upepo wa Makambako

Lori la makaa ya mawe hutambulika kabla halijafika. Turubai limekazwa kwa kamba, lakini vumbi jeusi limeshapenya kwenye mikunjo, limeganda kwenye bodi, na siku ya mvua linachuruzika hadi kwenye lami. Mkazi wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe, ameyazoea magari haya kama alivyoyazoea ya viazi na ya mbao. Yanatoka kusini, upande wa Mbinga na Ludewa, yanapandisha hadi Makambako, na pale kwenye njia panda kila moja linashika lake: kulia Dar es Salaam, kushoto Mbeya.

Makambako penyewe kuna mali nyingine, nayo haibebwi kwa lori. Upepo wa pale anayeujua ni muuza mitumba wa sokoni anayebana nguo zake kwa vibanio viwili viwili, na fundi anayeezeka nyumba huku akiuliza kwanza unavumia upande gani.

Mkoa mmoja, basi, umejaliwa vyote viwili. Kijiji cha Nkomang'ombe wilayani Ludewa kimekalia makaa ya Mchuchuma, yanayokadiriwa kuwa tani milioni 428. Upande wa Mundindi kuna chuma cha Liganga, tani milioni 126, chenye vanadiamu na titaniamu ndani yake. Kaskazini, kampuni ya Windlab ya Australia ilipima upepo wa Makambako, ikachora mradi wa megawati 300 ulioitwa Miombo Hewani, awamu ya kwanza megawati 100, na ikapata cheti cha mazingira kutoka Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Makaa yalikuwa yameshapata mkataba tangu Septemba 2011, kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na Sichuan Hongda ya China: ubia wa asilimia 20 kwa 80, mtaji wa dola bilioni 3, mtambo wa umeme wa megawati 600 na kiwanda cha chuma. Miaka imekatika. Mtambo haujajengwa Mchuchuma, na Miombo Hewani hakuna mnara hata mmoja uliosimama.

Ukisikia sera ya tabianchi inazungumzwa redioni, habari huwa ni za mikutano: nani kaahidi kupunguza asilimia ngapi, kufikia mwaka gani. Tanzania nayo imeahidi. Mwaka 2021 ilisema itapunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila juhudi zozote. Ahadi hizo ni muhimu. Lakini nikitazama kesi ambazo nchi yetu na majirani zetu wamepelekwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, naona kwamba sehemu kubwa ya sera huamuliwa mapema zaidi, siku mradi unaposainiwa, ndani ya vifungu ambavyo hakuna mbunge anayevisoma kwa sauti.

Tuanze na karatasi zenyewe. Tanzania imesaini mikataba ya kulinda vitega uchumi na nchi kadhaa: Uingereza 1994, Sweden 1999, Uholanzi 2001, Kanada na China 2013. Wanaosaini ni serikali mbili, ila anayenufaika ni mtu wa tatu, yaani kampuni. Kampuni ikiona imedhulumiwa na serikali ya nchi ilikowekeza, inaweza kuruka mahakama za nchi hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye usuluhishi, mara nyingi ICSID, kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Huko hukaa wasuluhishi watatu: mmoja kachaguliwa na mwekezaji, mmoja na serikali, na mwenyekiti. Wanauliza maswali machache tu. Je, mali ilitwaliwa bila fidia, hata kama haikutwaliwa kwa mkono bali kwa kanuni iliyoifanya isiwe na thamani? Je, mwekezaji alikosa kutendewa kwa haki na usawa? Je, alibaguliwa? Jibu likiwa ndiyo, inatajwa hesabu ya dola.

Sheria za nyumbani hazifuti deni hilo. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, ikaagiza kwamba migogoro ya rasilimali isikilizwe hapahapa. Wananchi wengi walishangilia, na sababu walikuwa nayo. Tulikwishaingia mkenge mara nyingi. Ila kanuni ya zamani ya sheria za mataifa inasema nchi haiwezi kujitetea kwa sheria yake ya ndani pale inapokiuka mkataba iliousaini na nchi nyingine.

Bili zikaanza kuingia. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za Januari 2018 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini. Waliofutiwa wakaenda Washington. Winshear ya Kanada ilimaliza kwa makubaliano ya dola milioni 30 mwaka 2023. Montero, ya Kanada vilevile, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, ikakubaliana dola milioni 27 mwaka 2024. Kesi nzito zaidi ilikuwa ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Baraza la usuluhishi liliamuru wenye leseni walipwe zaidi ya dola milioni 109 mwezi Julai 2023, na mwaka uliofuata wakakubaliana dola milioni 90. Kampuni iliyokuwa mbele ya kesi hiyo, Indiana Resources, imeorodheshwa Australia, na Australia haina mkataba wa aina hii nasi. Walipitia mlango wa Uingereza, kwa sababu kampuni tanzu zilizoshika hisa zilisajiliwa huko. Kwa hiyo ukisikia mwekezaji ni wa nchi fulani, usiishie kwenye bendera. Uliza hisa zake zimeandikishwa wapi.

Hakuna hata moja kati ya kesi hizo iliyohusu tabianchi. Serikali haikusema nikeli inachafua hewa; nikeli inaingia kwenye betri, na madini adimu yanaingia kwenye sumaku za mitambo ya upepo. Tulilipa kwa jinsi tulivyofanya: leseni ilikufa kwa kanuni, na mwenye leseni akabaki mikono mitupu.

Kesi iliyo karibu zaidi na mada yetu iko Bagamoyo. Kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Zanzibar, Razaba, kampuni ya EcoEnergy ya Sweden ilipanga kulima miwa kwenye hekta zaidi ya 20,000, itoe sukari, ethanoli na umeme wa mabaki ya miwa. Kwenye karatasi ulikuwa mradi rafiki wa tabianchi kuliko miradi mingi. Mwaka 2016 serikali ikausitisha, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya mazingira: Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko jirani, na Mto Wami ungenyonywa maji. Sababu hizo si za kubeza. Saadani ni hifadhi inayoungana na bahari, na Wami unategemewa na watu na wanyama hadi mdomoni mwake. Mtu angeweza kuzitetea mbele ya baraza lolote.

Lakini haukupita mwaka, Rais Magufuli, akizindua kiwanda cha Bakhresa huko Mkuranga, Oktoba 2016, akamwahidi mwenye kiwanda ardhi ya kulima miwa Bagamoyo. Leo kuna kiwanda cha sukari cha Bakhresa upande huohuo, na miwa inanyweshwa. Mimi sina ugomvi na sukari ya Bakhresa. Nchi inaihitaji, na mradi wake ni mdogo kuliko ule wa awali. Ila jiweke kwenye kiti cha msuluhishi. Umeambiwa mwekezaji wa kwanza aliondolewa ili kuokoa mto na wanyama, kisha unaonyeshwa shamba la miwa la mwekezaji wa pili. Hoja ya mazingira inabaki na uzito gani? Mwaka 2022 baraza la ICSID liliamuru EcoEnergy walipwe takriban dola milioni 165. Desemba mwaka huohuo ndege ya shirika letu la ATCL aina ya Airbus A220 ikazuiliwa Uholanzi kwa sababu ya deni hilo. Abiria aliyekuwa akisubiri ndege ya kwenda Mwanza hakuwa na habari kwamba safari yake imeunganishwa na shamba la Razaba.

Sasa vuka mpaka uende Kwale, Kenya. Mrima ni kilima chenye msitu wa hifadhi, kaya takatifu ya Wadigo, na ndani yake mna niobiamu na madini adimu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji Machi 2013, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu. Agosti mwaka huo Waziri Najib Balala akaifuta. Cortec wakadai zaidi ya dola bilioni 2 kwa mkataba wa Kenya na Uingereza. Hukumu ilitoka Oktoba 2018, na wakakosa hata senti moja. Baraza lilisema leseni ilitolewa bila idhini ya tathmini ya athari kwa mazingira ambayo sheria ya Kenya iliitaka, kwa hiyo haikuwa leseni halali tangu siku ya kwanza. Na kisichokuwepo kisheria hakilindwi na mkataba wowote. Waliiomba ICSID ibatilishe uamuzi huo, wakagonga mwamba.

Mtu wa haraka atasema Kenya walikuwa na bahati, au wanasheria wazuri. Naona kuna zaidi ya hapo. Bagamoyo mazingira yalitajwa baada ya uamuzi, kama sababu ya kuuhalalisha. Mrima mazingira yalikuwa sheria iliyotangulia leseni, iliyoandikwa, inayomhusu kila mchimbaji. Cheti cha tathmini ya mazingira, ambacho makandarasi wengi hukiona ni mhuri wa kupitia haraka na mwananchi huona ni kero ya ofisini, ndicho kilichoiokoa Nairobi na deni la mabilioni. Haya yanapaswa kumhusu sana yeyote anayekaa mezani kuzungumzia Mchuchuma.

Turudi Ludewa, basi. Mradi wa Hongda ulikwama muda mrefu. Baada ya sheria za 2017 serikali ilisema vivutio alivyoomba mwekezaji vinagongana nazo, na mazungumzo yakawa danadana. Mkataba wa China na Tanzania wa kulinda vitega uchumi ulisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipofika Dar es Salaam, ukaanza kufanya kazi Aprili 2014. Ni wa kizazi kipya kidogo. Tofauti na mikataba mingi ya zamani, unakiri kwamba haifai kuvutia mitaji kwa kulegeza kanuni za afya, usalama na mazingira, na hatua za serikali zisizo na ubaguzi, zinazolenga kulinda mambo hayo, zimepewa nafasi. Hilo ni jema. Halimalizi maneno, kwa sababu neno lenye vita ndani yake ni lile la hatua kuwa za lazima na zinazofaa, na watakaolipima ni wale watu watatu.

Hebu tupige picha. Mtambo wa Mchuchuma unajengwa. Shirika la umeme la taifa, TANESCO, linasaini kununua umeme wake kwa miaka 25. Ndani ya mkataba kuna kapasiti chaji, yaani malipo ya kila mwezi kwa mtambo kuwepo tu, uzalishe au usizalishe. Watanzania tunaujua wimbo huo tangu IPTL ya Tegeta. Madeni ya mtambo ule wa dizeli yalifika ICSID, na mwaka 2016 TANESCO ikaamriwa kuilipa Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148. Kisha tuseme mwaka 2042 Bunge linapiga kura kuzima makaa, kwa sababu mvua za Nyanda za Juu zimeyumba na dunia nzima imeshaacha. Mwenye mtambo ataomba faida ya miaka iliyobaki. Na ikiwa mkataba una kifungu kinachoigandisha sheria ilivyokuwa siku ya kusaini, atakuwa na nusu ya ushindi kabla ya kupanda ndege.

Si hadithi ya kubuni. Uholanzi ilipitisha sheria Desemba 2019 ya kukomesha umeme wa makaa ifikapo 2030. Kampuni ya RWE ya Ujerumani, yenye mtambo Eemshaven, ikafungua madai ya euro bilioni 1.4 mwaka 2021. Waliyaondoa mwaka 2023, baada ya mahakama kuwafungia njia. Italia nayo iliamriwa mwaka 2022 kuilipa Rockhopper ya Uingereza euro milioni 190 kwa kuzuia uchimbaji wa mafuta karibu na pwani, na uamuzi huo ukabatilishwa 2025. Umoja wa Ulaya ukaona ya nini malumbano, ukajitoa kwenye Mkataba wa Nishati uliokuwa ukiwapa wawekezaji mlango huo. Tajiri anaweza kujitetea miaka mitano kwa mawakili wa London. Nchi yenye bajeti yetu mara nyingi huogopa mapema, ikaacha sheria nzuri ilale kabatini. Hofu hiyo haionekani kwenye takwimu yoyote, na ndiyo inayonisumbua zaidi.

Wapo wanaosema dawa ni kujitoa kwenye mikataba yote. Tanzania ilijaribu kwa Uholanzi: ilitoa taarifa 2018, mkataba ukakoma Aprili 2019. Lakini mna kifungu cha mkia. Mitaji iliyoingia kabla ya kukoma inalindwa miaka 15 zaidi, hadi 2034. Kujitoa leo kunamgusa mwekezaji wa kesho. Wa jana bado yumo.

Na kuna upepo. Mtambo wa makaa hununua makaa kila siku, kwa hiyo gharama zake zimetapakaa miaka yote. Mtambo wa upepo ni kinyume: karibu pesa zote zinatoka kabla pangaboi halijazunguka mara moja, kisha nishati yenyewe ni bure. Benki inayokopesha haina cha kushika isipokuwa ahadi ya TANESCO, mnunuzi mkubwa pekee, kwamba atanunua na atalipa kwa miaka 20. Ndiyo maana Mufindi, jirani zetu, upepo ulianza kwa minara mitatu yenye jumla ya megawati 2.4 tu, na Makambako megawati 300 zinasubiri. Anayetaka umeme safi anahitaji ulinzi wa mkataba kuliko anayechimba makaa. Hispania ilijifunza kwa uchungu: ilipopunguza malipo iliyoyaahidi kwa umeme wa jua na upepo, kesi kama 50 zikafunguliwa dhidi yake, na nyingi ikashindwa.

Kwa hiyo sioni sababu ya mikataba hii kuwatendea sawa wote wawili. Hakuna sheria ya mataifa inayolazimisha nchi iweke makaa na upepo kwenye kapu moja. Itifaki ya Uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa Februari 2023, imeshaandika haki ya serikali kutunga sheria za mazingira na tabianchi. Ni msingi wa kuanzia. Mkataba unaweza kusema wazi kwamba kuzima umeme wa makaa kwa ratiba iliyotangazwa mapema hakuhesabiwi kuwa utwaaji wa mali. Unaweza kuondoa kabisa kifungu cha kugandisha sheria kwenye mambo ya mazingira. Sheria ya 2017 ya kupitia masharti hasi ya mikataba ya maliasili tayari inahesabu kuwa hasi sharti lolote linalodhoofisha hatua za nchi za kulinda mazingira au kutumia teknolojia rafiki wa mazingira. Wengi wanaikumbuka sheria hiyo kwa makelele ya makinikia, ule mchanga wa madini, na kifungu hiki wamekisahau. Ubaya wake ni kwamba inatumika baada ya mkataba kusainiwa, wakati mwenzako ameshashika karatasi.

Shinikizo linatoka upande wa pili pia. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na kwamba hata kutoa leseni za uchimbaji wa nishati chafu kunaweza kuwa kosa la nchi. Maoni hayo hayatekelezwi kwa nguvu kama hukumu, lakini wakili wa serikali ana silaha mpya: akiulizwa Washington kwa nini nchi ilizima makaa, anaweza kujibu kwamba sheria ya mataifa ilimdai afanye hivyo. Silaha hiyo itamfaa tu asiyekuwa amempa jirani wa mtambo uliozimwa leseni ya kujenga mwingine. Razaba haijasahaulika.

Wa mwisho kwenye orodha hii ni watu wa Mundindi na Nkomang'ombe, ambao hawana mkataba wa kimataifa wala baraza la watu watatu. Mashamba yao yalithaminiwa kupisha mradi, kisha wakasubiri miaka. Kwa kawaida ardhi ikishathaminiwa mwenyewe huambiwa asipande miti mipya wala asijenge cha kudumu, na katika nchi ya paini na parachichi hilo ni pigo kubwa. Mwaka 2023 serikali ilitoa fidia ya shilingi bilioni 15.4 kwa watu 1,142. Wenye Ntaka Hill, kwa leseni, walipata zaidi ya shilingi bilioni 230. Kanuni zetu za ardhi zinasema fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita inadaiwa riba, sawasawa na anavyodai mwekezaji anapocheleweshewa. Mchuchuma ikirudi mezani, iwe na Hongda au na mwingine, riba hiyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na jina la atakayeilipa.